Bia ya Mpima Maziwa

Katika maabara ya kiwanda cha maziwa kulikuwa na mwanamke ambaye wenzake wote walimwita Mpimaji, hata meneja. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ya vigae vyeupe tangu saa kumi na mbili asubuhi, anuse, aonje, achovye kipimo, kisha aseme neno moja: yapite, au yamwagwe. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba kama ufito, na pua yake madereva wa magari ya maziwa waliiogopa kuliko askari wa barabarani.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeiogopa zaidi.

Hofu hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na minane. Mchana mmoja kaka yake mkubwa, dereva wa lori, alipita kwake na chupa ya pombe kali aliyopewa kwenye sherehe ya kumuaga mwenzao kazini.

"Mdogo wangu, wewe ndiye mtaalamu," alimwambia. "Hebu ninusie, hii iko sawa?"

Akainusa. Ilinukia pombe, basi. Akasema, "Iko safi, kaka. Usizidishe tu."

Kumbe ilikuwa imetiwa spiriti ya viwandani, kitu ambacho pua haiwezi kukitenga na pombe. Kesho yake kaka aliamka akauliza mbona hakujakucha, na jua lilikuwa limeshapanda hadi dirishani. Wenzake wawili walizikwa wiki ile ile. Yeye alipona; macho yake hayakupona.

Tangu hapo kaka aliishi kwa Mpimaji, katika nyumba ya vyumba viwili na stoo nyuma. Alijifunza kupika chai kwa kupapasa na kuitambua redio kwa mlio wa swichi yake. Kileo hakukigusa tena. Na yale maneno "iko safi" hayakutajwa kati yao hata siku moja, ingawa Mpimaji aliyasikia kila alipoinua glasi ya maziwa kazini.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu kama huyo na pombe wapi na wapi?

Ilianza na fundi wa mitambo wa kiwandani, aliyekuwa akihama. Alimwachia Mpimaji katoni mezani: mfuko wa kimea cha shayiri, pakiti za maua makavu yanayoitwa hopsi, hamira, na karatasi ya maelezo. "Ni bia ya Kimarekani, inaitwa peli eli," alisema. "Rangi ya asali, uchungu wa wastani, harufu kama maganda ya machungwa. Mimi imenishinda mara tatu. Wewe una mkono wa kupima."

Mpimaji alikusudia kuitupa katoni ile. Lakini karatasi ile ilikuwa imejaa nyuzi za joto, dakika na gramu, na kwa mtu wa maabara hiyo ni sawa na kuitwa kwa jina. Akaisoma mara mbili. Ilieleza kwamba bia haivukizwi, mvuke wake ukakusanywa, kama pombe kali; hamira inakula sukari ya nafaka, na hakuna sumu ya kupofusha mtu humo. Akili ilielewa. Moyo haukujua kusoma.

Jumamosi moja, kaka akiwa kwa kinyozi, alilowesha kimea katika maji ya nyuzi sitini na saba kwa saa nzima, akakichuja, akachemsha maji yake na hopsi saa nyingine, akayapoza ndani ya beseni la barafu, akayafungia na hamira kwenye ndoo yenye mrija wa kutolea hewa. Baada ya wiki mbili alitia sukari kidogo, akajaza chupa. Alipofungua ya kwanza kizibo kilimponyoka. Alikunywa nusu glasi, akakaa mbele ya kalenda ya ukutani, akawa anasoma maandishi yake madogo kila baada ya nusu saa kuona kama yanafifia. Hayakufifia. Bia yenyewe ilikuwa chungu kama kwinini.

Mara ya pili alipunguza hopsi, lakini alizidisha sukari ya kwenye chupa, na gesi ikazidi. Alasiri moja alirudi kutoka kazini akamkuta kaka yake amelala kifudifudi chini ya meza, mikono juu ya kichwa.

"Usisimame!" kaka alinong'ona. "Wanapiga risasi nyuma ya nyumba. Nimehesabu tatu."

Mpimaji alikimbilia stoo. Chupa tatu zilikuwa zimepasuka na vioo vimejichomeka mlangoni, kimoja usawa wa uso wa mtu. Alipiga moyo konde, akarudi kumwinua.

"Ni bia, kaka. Ninatengeneza bia."

Kaka alijifuta vumbi magotini. "Bia gani hiyo ya kulipuka?"

"Inaitwa peli eli."

"Upele?"

"Peli eli."

"Miaka yote nakaa na wewe vizuri, leo unaniletea upele ndani ya nyumba!" Akacheka hadi akakohoa. Yeye hakucheka. Alimwapisha pale pale asiiguse hata tone, na kesho yake akatia kufuli mlango wa stoo.

Mara ya tatu ilinuka siagi. Harufu hiyo hakuhitaji kuambiwa, maana alipita kwenye chumba cha siagi kila siku ya kazi. Aliwaza, akagundua kosa: alikuwa na haraka. Siku ya sita tu alishajaza chupa, hamira haijamaliza kusafisha uchafu wake yenyewe. Haraka ile haikuwa ya kiu. Alitaka tu jambo liishe. Basi mara ya nne aliiacha siku kumi na mbili, tatu za mwisho akahamishia ndoo chumbani kwake kwenye joto. Sehemu ya hopsi hakuichemsha kabisa, aliitia moto ukiwa umeshazimwa. Konzi moja ya mwisho akaitumbukiza ndani ya ndoo bia ilipotulia.

Ilitoka rangi ya asali. Povu lilisimama, na harufu ya maganda ya machungwa ikajaa stoo. Alionja, akaonja tena, akajikuta amekaa juu ya kreti tupu akiogopa kuliko siku zote. Ile mbaya haikuwa imemtisha hivi. Chupa aliyoileta kaka yake miaka ile nayo ilionekana nzuri.

Siku nne baadaye, Jumatano, alirudi saa tisa alasiri. Kufuli lilikuwa mahali pake. Lakini asubuhi, kwa haraka ya kuwahi gari, aliisahau chupa moja ndani ya friji nyuma ya jagi la maji. Sasa ilikuwa mezani, tupu, na glasi kando yake. Kaka alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeangukia begani, mdomo wazi.

"Kaka!"

Hakujibu. Alimshika mabega akamtikisa. "Kaka! Kaka, amka!"

"Aa! Nyumba inaungua?"

"Umekunywa nini?"

"Upele wako."

Alimshika kidevu akamgeuzia uso dirishani. Alitaka kumchunguza kama alivyojichunguza mwenyewe, na hapo ndipo akili ilipomganda: amwonyeshe kalenda gani? Sumu ile hutangulia machoni, na macho ya huyu yalishatoa onyo lao miaka kumi na minane iliyopita. Hayakuwa na lingine la kutoa. Akamvuta mkono hadi zahanati ya mtaa wa pili, kaka akijikwaa na kulalama njia nzima kwamba hajavaa hata kiatu cha pili.

Tabibu, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, aliwasikiliza wote wawili wakizungumza kwa pamoja. "Ni bia ya nafaka tu? Haikuvukizwa, haikutiwa kitu?"

"Haikutiwa kitu," alisema Mpimaji.

"Chupa moja?"

"Moja, tena ndogo," alisema kaka.

"Mzee wangu, unaumwa wapi?"

"Mkono. Huyu alivyonivuta."

Tabibu alimpima, akasema haoni shida, ila kwa kuwa dada hana amani wakae kwanza kwenye benchi, na kukitokea kutapika au kichwa kuuma hadi kesho warudi mara moja. Wakakaa. Mpimaji alikuwa akihesabu pumzi za kaka yake kwa saa ya mkononi.

"Unanihesabu," kaka alisema. "Nasikia midomo yako."

"Kwa nini umekunywa? Uliniapia."

"Nyumba nzima ilinukia machungwa siku nne. Mimi ni mtu, si kabati." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ile siku nilipokuletea chupa, nilikuwa nimeshakunywa glasi mbili njiani. Nilikuja kukutania tu. Hata ungesema mbovu, ilikuwa imeshaniingia."

Mpimaji aligeuka akamtazama. Kaka yake alikuwa dereva miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumwona anakunywa akiwa njiani na lori. Ilikuwa kweli, au alikuwa ameitunga sasa hivi pale kwenye benchi?

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuuliza."

Angeweza kuuliza sasa. Alifungua mdomo, akaogopa jibu, akaufunga. Kaka alimpapasa bega. "Na hiyo bia yako, mwishoni inakwaruza koo. Punguza uchungu."

Kulipokucha Mpimaji alisimama mlangoni kwa kaka yake, hathubutu kuingia. Kutoka ndani ilisikika sauti ya kudai chai, na kuuliza kama siku hizi watu wa nyumba hii wanaishi kwa pumzi peke yake. Aliegemea ukuta, akalia kimya kimya hadi maji ya chai jikoni yakachemka na kumwagikia moto.

Mara ya tano alipunguza theluthi moja ya hopsi ya kuchemsha. Koo halikukwaruzwa tena. Mara ya sita alirudia vile vile bila kubadili kitu, kwa sababu kipimo cha mara moja si kipimo, na ikatoka ile ile. Alinakili maelezo upya kwa mkono wake, akaitupa karatasi ya fundi.

Siku hizi Jumamosi mchana hufungua chupa moja uani. Humimina yake kwanza, akanywa, kisha akaiweka saa mezani. Kaka haruhusiwi kugusa mpaka saa nzima iishe, na lazima iwe chupa ile ile, maana kila chupa ina siri yake.

"Povu lote limekwenda," kaka hulalamika. "Unaninywesha maji ya kuoshea vyombo."

"Subiri."

"Tayari?"

"Bado," husema Mpimaji, macho kwenye mshale wa saa.