Taulo la Kipa wa Kimbunga

Siku ya fainali ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha kulekule. Nimekusikia ukiongea na mwenzio kwenye simu, unamwambia kesho huendi kuangalia fainali ya timu yako, eti huko kibandani mnakoangalia mpira wanakuita gundu, ukikaa wewe tu timu inafungwa. Na wewe umekubali! Umewapigia mwenyewe kuwaaga! Hebu weka simu chini, njoo ukae hapa mkekani. Nguo nitaanua baadaye.

Ulipo wewe na mie nilishapita. Nilikuwa msichana mbichi, hapahapa Temeke, na timu yetu ya mtaa ikiitwa Kimbunga. Golini alikuwa kaka yangu Shaibu, mjomba wako huyu unayemwona akija anaburuta mguu. Usimwone hivyo. Enzi zake alikuwa akiruka, uwanja mzima unanyamaza.

Kazi yangu mie ilikuwa taulo. Unacheka? Kwenye ndondo, mpira wa mitaani, taulo la kipa si kitu cha kutundika wavuni ukaondoka. Wapinzani waliamini kipa kafunga dawa humo, wakiliona wanaliiba, na ngumi zinapigwa kweli. Dawa gani! Lilikuwa taulo letu la kuogea, la maua, mama kalifua kwa sabuni ya mche. Basi Shaibu hakumwamini mtu mwingine. Nilikaa nyuma ya goli lake, taulo begani, na timu zikibadilishana upande nami nahama naye. Watu wakazoea. Hakuna aliyeniuliza msichana unatafuta nini uwanjani.

Kombe lenyewe sasa. Kimbunga ilikuwa haijawahi kulibeba. Tulifika fainali tukafungwa, tukarudi tena tukafungwa, mpaka watu wa Tabata wakatupa jina la wasindikizaji. Ukienda sokoni unaitwa msindikizaji. Nilikuwa naumia, we acha tu!

Mwaka ule tukaingia fainali na hao hao wa Tabata, na goti la Shaibu lilikuwa limeshamchoka. Asubuhi, anajifunga bandeji pale kibarazani, akaniambia, "Zuhura, leo ndiyo mwisho wangu, nimeshamwahidi mama. Nataka nikigeuka nyuma nikuone."

"Utaniona, kaka. Mie niende wapi?"

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na sikuwa natania.

Kipindi cha kwanza tukapigwa goli moja. Shuti la mbali, likadunda kwenye kichuguu, likampita. Mapumziko yakafika, Shaibu kaenda kukusanyika na wenzake katikati ya uwanja, nami nimebaki na taulo langu. Akaja mwenyekiti wa mashabiki wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akainama sikioni kwangu.

"Mdogo wangu, usinielewe vibaya. Kamati ya ufundi imekaa ikaangalia. Fainali zote tulizofungwa, wewe ulikuwepo."

Kamati ya ufundi unaijua, mwanangu. Siyo ya kufundisha mpira ile. Ni wale wanaozunguka kwa waganga.

"Na nyie si mlikuwepo?" nikamuuliza.

"Sisi tumeshaangaliwa, tuko safi. Gundu ni wewe. Toka nje, mdogo wangu, watu wapate kombe lao. Au humpendi kaka yako?"

Alinipiga na hilo la kaka yangu. Nikamkabidhi taulo, nikatoka kwa geti la nyuma. Sikumuaga hata Shaibu.

Nje ya ukuta nikamkuta Mzee Namkunda, mchonga vinyago wa mtaani kwetu, amekaa juu ya gogo lake, anachonga mwiko. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kulikoni hayuko ndani.

"Marahaba. Mie nina gundu," akasema, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema ana mafua. "Wameniambia siku nyingi. Fainali zote nakaa hapa."

"Hata zile tulizofungwa?"

"Hapahapa."

Mwanangu, hebu niangalie. Mzee alikuwa nje na tukafungwa. Anakwambia kwa mdomo wake mwenyewe! Na mie, akili zangu timamu, nikaitikia kwa kichwa, nikakaa chini pembeni yake. Maana muda uleule kelele zililipuka ndani, mtoto mmoja juu ya ukuta akapiga yowe, "Kimbunga wamerudisha!" Mzee akaniangalia, akaacha kuchonga. Nilimwelewa. Nimetoka tu, goli limeingia. Basi nikaamini mzimamzima kwamba gundu ni mie.

Mpira ukaisha sare, goli moja kwa moja, wakaenda kwenye penalti. Mlinzi wa geti alinijua, akalifungua akanipungia mkono. "We Zuhura, ingia! Imebaki moja tu, kaka yako akidaka tumebeba!" Kutoka nilipokaa mpaka pale getini ni kama hapa na jikoni. Nikainuka. Nikapiga hatua. Halafu nikarudi kukaa, nikafumba macho, nikaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Nilipofumbua macho nikamwona mtu anatoka getini amevaa jezi yetu, mikono kichwani, baba mzima analia kwa kwikwi. Sikumuuliza. Nilijua tumefungwa tena, na safari hii nikiwa nje, ina maana gundu langu linapenya hata ukuta. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikajifungia chumbani, nikamlilia kaka yangu.

Nikiwa kitandani nikasikia vuvuzela. Nikajua ni wa Tabata wanapita kutukejeli. Nikachungulia dirishani niwatukane, nikaona kirikuu, kile kigari cha mizigo, kimejaa watu wa mtaani kwetu, na juu yake Shaibu amekumbatia kombe. Nilipigwa na butwaa, mwanangu. Kumbe yule baba alikuwa analia kwa furaha! Tumelibeba! Mtaa mzima umeliona, mpaka muuza maji na mkokoteni wake, na mie niliyebeba taulo miaka yote nilikuwa nimeziba masikio nyuma ya ukuta.

Shaibu alishuka, akaja mpaka mlangoni na jasho lake. Hakunifokea. Bora angefoka.

"Nilipodaka ile ya mwisho niligeuka nyuma," akasema. "Nikamwona mwenyekiti na taulo letu, kafumba macho. Ulikuwa wapi?"

"Niliambiwa nina gundu, kaka. Nilitoka ili ushinde."

Akaniangalia sana. Akaninyooshea mikono yake, vidole vimevimba.

"Zuhura, nimedaka mie. Kwa hii."

Akatoka kwenda kushangilia na wenzake. Hakudaka tena mechi yoyote, na Kimbunga haikufika fainali nyingine mpaka ikavunjika. Mzee Namkunda alikufa akijisifu kwamba kombe lile lilipatikana kwa sababu yeye alikaa nje. Watu wamenisimulia ile penalti mara nyingi, mmoja anasema aliruka kulia, mwingine kushoto. Mie siwezi kuwabishia. Inaniuma mpaka leo, mwanangu, sikufichi.

Kwa hiyo nisikilize. Wanaokufukuza wanaogopa kufungwa, na hofu yao wamekutwika wewe. Usiibebe. Wewe siyo unayepiga mpira wala unayedaka, macho yako hayana nguvu hiyo, na ukidhani yanayo utajiondoa mwenyewe kwenye furaha za watu wako: leo kwenye mpira, kesho kwenye harusi ya dada yako. Mtu akikwambia, "Nikigeuka nikuone," basi kaa akuone. Ashinde akuone, afungwe akuone.

Kesho nenda kibandani. Wakikukataa, rudi tuangalie hapa sebuleni, hata mjomba wako nimemwita. Mungu akupe umri, akupe watu wa kukutafuta kwa macho siku ya furaha yao, na wakikutafuta wakukute. Amina. Haya, nisaidie kuanua nguo, wingu lile silipendi.