Maneno Yenye Jiwe Hakusema

Harufu ya esanse ikichomeka mu groupe, ile mashini ya kutoa umeme, hata leo, hata kama ni groupe ya mutu anachaji tu batelefone kando ya barabara, inanirudisha Rughenda, kwetu Butembo. Ninamuona mukubwa wangu Mumbere amesimama katikati ya barabara yenye kuelekea ku uwanja wa ndege. Amekunja mikono ku kifua, ametanua miguu kidogo, amefunga macho. Benzake bote bamekwisha kulala mu mitaro. Basoda banashuka toka kule juu, banapiga masasi. Yeye hakimbii, hainami. Ku sura yake hakuna woga hata kidogo, ni kama mutu anangojea kunyolewa ndevu, na ndevu hakuwa nazo. Halafu akaanguka. Alianguka ku magoti kwanza, pole pole, kama mutu anaingia kanisani.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kibanda kimoja, na beseni yangu ya mandazi. Mwenye kibanda alikuwa amekimbia bila kuzima groupe yake. Ikaendelea kulia na kutoa moshi mpaka masasi ikanyamaza. Ndiyo maana ninawaambia ni harufu.

Matanga ilikuwa haijaisha, akaingia kwetu mutu wa kuitwa Commandant Baridi. Ninaandika jina lake sababu alijipa mwenyewe, na alilipenda. Mbele ya vita aliuzaka mbuzi ku soko. Vita ikamufanya commandant. Yeye ndiye aliongoza batoto ku mulima, akabanyunyizia maji yake ya dawa, akabaambia risasi haitabaingia. Ile siku alisimama ku mulango, hakukaa, akamwambia Mama:

"Mama Mumbere, maji yetu haidanganyi. Mutoto wako alivunja sharti. Mwanamuke alimugusa mukono."

Akanitazama mimi.

Ni kweli, ile asubuhi, wakati banashuka toka mulimani, Mumbere alipita nyuma ya parcelle yetu, kiwanja cha nyumba, na mimi nilimupa avoka. Nilimuwekea mu kiganja. Mumoja wa benzake aliona. Donc ile avoka, na huu mukono wenye ninaandika nao, ndiyo ilimuua Mumbere. Nilikuwa mu mwaka wa ine wa primaire, na nikaacha masomo palepale, sababu ku masomo pia habari ilikuwa imekwisha kufika. Batoto hawakutaka kunishika mukono mu muchezo.

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Ila tangu ile siku Mama hapokei kitu toka mukono wangu. Hata leo, nikienda kwake na kumuletea chai, ninaweka kikombe juu ya kiti, ninaondoa mukono, ndipo anakikamata. Hatujasemaka juu ya ile jambo hata mara moja, mimi na yeye. Bageni banaonaka, na banafikiri ni adabu ya kwetu.

Sasa turudi nyuma, sababu Rughenda si mwanzo. Mwanzo ni mu salle ya video.

Ilikuwa nyumba ya mbao za eucalyptus kando ya soko, madirisha yamefungwa na hema nyeusi. Siku ya Mungu, tukitoka misa, batoto ba kartiye yote tulijaa mule, na manguo ya misa ingali mwilini, tukinukia mvua na mafuta ya kupaka. Mama aliuzisha mandazi ku mulango, na ndiyo sababu mimi musichana niliachiwa kuingia. Bakaseti zilitoka Kampala kupitia Kasindi, na mwenye kuzileta aliitwa Katembo. Batu bote balimuita Katembo Mulomo. Alisimama kando ya televizyo na fimbo yake, na kile Bachina banasema, yeye anatutafsiria mu Kiswahili. Alituambia alijifunza Kichina huko Kampala, kwa mupishi mumoja Muchina. Nani angemubishia? Hapa kwetu Kichina hakuna mutu alikijua.

Nitasema kweli, alijua kazi yake. Bachina bote aliwapa majina yetu. Kwetu Bayira jina linafuata kuzaliwa: ukisikia Mumbere unajua ni kijana wa kwanza, Kambale anamufuata, halafu Kasereka, halafu Kakule. Katembo akabapanga Bachina vile vile, na hatukupotea hata siku moja juu ya nani mukubwa wa nani. Mufalme mubaya akikasirika na kupiga meza, Katembo anatuambia, "Anauliza nani amepandisha taxe ya soko." Mwanamuke akilia juu ya kaburi, "Anaulizia kama samaki ya makayabo imefika." Bamama benye kuuzisha ku mulango balichungulia ndani kwa kucheka.

Lakini mwenye tulikujia ni Jiwe. Mu ile série alikuwa bingwa wa bingwa. Kichwa kimenyolewa, sikio moja limepasuka, shingo kama muti. Mu bakaseti za kwanza alikuwa mutu wa mufalme mubaya, na mwenye alitumwa kwake, hakuna kurudi na meno yote. Fimbo zilivunjikia ku mugongo wake kama mabua. Batoto badogo balijificha nyuma ya bakubwa, na kuko benye balikojolea manguo yao ya misa. Mais nilianza kuona kitu. Kila akimaliza kupigana, Jiwe alikaa peke yake na bakuli ya muchele, anakula pole pole, na hakuna mutu alikuja kula naye. Bote balimuogopa, hata benye alibapigania. Kwetu mutu kula peke yake ni mutu amefiwa, ao ni mulozi. Mimi nilimuhurumia. Halafu ku kaseti moja mufalme akamutuma achome kijiji, na Jiwe akakataa. Akakaa chini mbele ya mulango wa kile kijiji, akaanza kula muchele wake, na mutoto mumoja wa mule akakuja kukaa kando yake. Salle yote ikapiga mikono. Tangu pale alikuwa wetu.

Katembo alikuwa amemupa jina Mumbere Jiwe. Mukubwa wangu alitembea nayo ile jina wiki yote.

"Unaona, Masika, yeye pia ni Mumbere," aliniambia. "Mumbere hakimbiaki."

"Na ile siku ya mbwa ya Papa Kasereka?"

"Ile mbwa haikujua jina langu."

Alisimama mu parcelle, mikono ku kifua, macho yamefungwa, na mimi nilimutupia bigunzi bya mahindi. Akishituka tunaanza tena. Baba yetu alikuwa amekwenda ku zahabu na hakurudi, donc kijana mukubwa wa nyumba alikuwa yeye, na alitafuta namna ya kuwa mukubwa. Hakuna mutu mwingine wa kumuonyesha. Alichagua huyu.

Kaseti ya mwisho, ninaikumbuka yote. Jiwe amezeeka, ndevu nyeupe. Anasimama ku mulango wa kile kijiji, na askari ba mufalme banakuja na mikuki, bengi. Nyuma yake batoto ba kijiji bamekamata tufimbo. Anageuka, na yeye mwenye hasemaki, anaanza kusema maneno marefu.

Ile siku ku banki ya mbele, kile kiti kirefu cha mbao, alikaa Commandant Baridi, na kofia yake ya ngozi, na bijana bake bamesimama ku ukuta. Katembo hakufanya mchezo wake. Alimutazama Baridi kwanza, halafu akatutazama sisi, akasema:

"Jiwe anasema: Ninyi ba Mumbere, ninyi ba Kambale, simameni kama mimi. Kunjeni mikono, fungeni macho. Mutoto mwenye hakimbii, risasi kwake ni maji."

Mu ile série yote hakuna bunduki hata moja. Kuko fimbo, kuko panga, kuko mikuki. Hakuna mutu mu salle aliuliza risasi inatoka wapi.

Jiwe akakunja mikono. Akafunga macho. Na pale Katembo akazima. Alisema kaseti imekamatana mu mashini, imeharibika, hakuna mwisho. Batoto banapiga kelele, na Baridi akasimama, akatugeukia na sura nzuri kabisa, kama catéchiste.

"Hapa nani ni Mumbere?"

Bakanyoosha mikono. Mukono wa mukubwa wangu ulikuwa wa kwanza.

Hakuaga Mama. Mimi aliniambia tu nisitupe bigunzi, atarudi kuendelea. Balikwenda kundi nzima, na mu ile kundi benye ningali ninaonana nabo leo ni bachache, na mumoja wabo anatembelea kifimbo.

Miaka ikapita. Niliolewa Mangina, nikalima huko. Tulikimbia kwanza juu ya ugonjwa, tukarudi, tukakimbia tena juu ya mapanga. Bwana wangu mapanga ilimukuta, akabaki mu shamba. Sasa niko Beni na binti yangu Kahindo, anasoma segondeere, mimi ningali ku mandazi. Na miaka yote ile nilimuchukia Jiwe. Nikiona picha ya Muchina anapigana ku ukuta wa salle, ninapita upande mwingine wa barabara. Nilisema, huyu ndiye alimufundisha mukubwa wangu kufa.

Siku moja Kahindo alikuwa anaangalia kitu ku telefone, na mimi ninakanda unga. Nikasikia ngoma. Nikamwambia alete. Nilijua ile sikio lenye kupasuka mbele hata ya sura. Alikuwa amesimama ku mulango wa kijiji, ndevu nyeupe, na chini ya picha kulikuwa maandiko ya Kifaransa, yanapita mbio, siwezi kuyafuata.

"Anasema nini?"

Kahindo akasoma. "Anabaambia batoto: Kimbieni. Rudini kwa bamama benu. Mimi ninafunga macho sababu sitaki kuona kama kuko mumoja wenu amebaki. Kusimama hapa ni kazi ya mutu mwenye hana tena wa kumungojea."

"Soma tena."

"Maman, nimesoma."

"Soma pole pole."

Akasoma tena. Na tukaangalia ule mwisho wenye Katembo alisema hauko. Batoto banakimbia, bote, banavuka muto. Jiwe anabaki na macho yamefungwa, na mikuki inamuingia, inamuingia vizuri tu kama mwili wa mutu yeyote. Hakuna maji. Alikufa wakati bamekwisha kufika ngambo.

Ninyi benye kusoma, mukiwa na mutoto mwenye alipenda bingwa kama ule, mutanielewa. Mutoto anafikiri nguvu ya bingwa ni kutokuanguka. Nimefika umri wa kuwa na mvi ndipo ninaona Jiwe alijua ataanguka, na ile nguvu yote ilikuwa ya kubatafutia batoto nafasi ya kukimbia. Mukubwa wangu alimupenda mutu wa kweli. Maneno tu ndiyo ilikuwa ya uongo. Nimemuomba Jiwe pole, mimi peke yangu, mikono mu unga.

Nikamutafuta Katembo. Hayuko mbali: yuko hapa hapa Beni, ana magazine, duka ya magodoro, banamuita Papa Katembo, na ku redio banamualika aongee na bijana juu ya amani. Alinijua.

"Masika wa mandazi. Kaa, kaa."

"Papa Katembo, Kichina ulijifunza wapi?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kichina gani? Nilikuwa ninatunga, Masika. Ninyi mulipenda."

"Na ile ya risasi?"

Kicheko kikabaki ku mulomo, macho yakaenda ku mulango. "Ile ilikuwa ya Baridi. Aliniletea maneno yenyewe. Ningekataa angechoma salle. Na mimi pia nilikuwa na batoto."

"Batoto bako baliinua mukono?"

Alinyoosha kitambaa cha godoro moja. "Ilikuwa cinéma, Masika. Mutu mwenye akili anaamini cinéma?"

"Twende Butembo, umwambie Mama vile umeniambia sasa. Yeye anajua ni mukono wangu."

Akageuka, akaita kijana wake wa kazi. "Mupatie mama huyu soda ya baridi."

Baridi mwenyewe, bamemupa grade mu jeshi. Anavaa uniforme yenye kupigwa pasi, anapita mu jeep. Kwake sina njia, nitamuachia benye bako na nguvu ya kumuita ku tribunal, na ninaandika hapa ili basiseme hawakujua: ni yeye alibeba batoto, ni yeye aliweka maneno mu mulomo wa mutu mwingine, ni yeye alikuja mu matanga kumupa musichana kosa la kubeba.

Lakini wewe, Katembo, kwako njia iko. Mama angali Butembo, ku nyumba ile ile, macho imepunguka, masikio ingali inasikia vizuri. Sitaki pole yako, na sitaki ufunge salle ya mutu. Funga magazine asubuhi moja, panda gari, ingia kwa Mama, na umutafsirie kwa mara moja bila kutunga. Mwambie Jiwe alisema nini. Mwambie Baridi alisema nini, na nani alitoa sauti. Mimi nitabaki inje. Na akikuuliza juu ya nini ulingoja miaka yote hii, umujibu. Mimi nilikuuliza, ukanipa soda.