Joyline na Mshika Radi wa Takawiri

Hebu mwone akija. Ni Jumapili, jua la Homa Bay limeshavuka utosi, na mama mmoja mnene kidogo, asiyejua kuharakishwa, anakata kona ya soko na mwavuli mkono mmoja, mfuko wa mabaki ya vitambaa mkono wa pili. Miwani inaning'inia kifuani kwa utepe alioushona mwenyewe. Mbele ya kibanda chake cha ushonaji watu wameshajaa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kupimwa nguo. Levis wa bodaboda ameegesha pikipiki na kuwakatalia abiria wawili. Rispa muuza samaki amemwachia jirani beseni lake.

"Nyar Kisii, umetuchelewesha leo!" Rispa anapaza sauti, akimwita binti wa Kisii kwa Dholuo, lugha yake.

"Nimechelewa wapi? Nyinyi ndio mmewahi. Sogea, Rispa, unaniziba mlango na hiyo harufu ya mbuta."

"Harufu hiyo ndiyo imesomesha watoto wangu, yawa."

Huyo ndiye Joyline Nyanchoka, mama yake Damaris, fundi wa nguo. Kwa siku nyingine za wiki anashona sare za shule na magauni ya kwaya. Lakini Jumapili alasiri anawaambia watu komiki gani za wiki zinafaa kusomwa, na zipi ni wino uliomwagika tu.

Zinafikaje Homa Bay? Ni kazi ya Oliver, mwenye duka la chaja na vitabu vya shule. Binamu yake wa Nairobi humtumia bunda la komiki mpya kila wiki kwa basi, nalo huingia Ijumaa asubuhi. Oliver hathubutu kupanga hata moja rafuni kabla Joyline hajaziona. Joyline ni Msabato, kwa hiyo husoma zote Ijumaa hiyohiyo jua likiwa bado juu ya ziwa. Jumamosi hazigusi. Mchokoze utakavyo umuulize nani amekufa na nani amefufuka, atakujibu kwa pambio. Watu wote tunangoja Jumapili, na kungoja huko kuna utamu wake.

Sasa sikia anavyofanya kazi, maana sijaona mtu mwingine akisoma hivi. Anafungua komiki kwenye meza yake ya kukatia nguo, kisha anachukua vipande vidogo vya kitambaa na kufunika kila kiputo chenye maneno. Vyote. Ukurasa unabaki picha tupu. Kwa kuwa vipande hivyo vinalazwa tu, bila gundi wala pini, feni inazimwa, na ikishazimwa kila mtu anajua mambo yameanza. Ukitaka kupiga chafya, unatoka nje.

"Picha ikinyamaza mpaka maneno yaisaidie," husema, "huyo mchoraji bado."

Alijifunzia Migori, miaka ile anaanza kushona. Ndani ya robota la mitumba alikuta komiki imejisokota katika mfuko wa koti, imeandikwa kwa lugha ambayo mpaka leo haijui. Alitaka kuwashia jiko. Akaangalia picha ya kwanza, akaangalia ya pili, maharagwe yakaungua. Alielewa hadithi yote bila neno hata moja, tangu shujaa anaanguka kutoka angani mpaka anamzika farasi wake. Aliilia, kisha akaenda kuteka maji ya kuloweka sufuria.

Jumapili ninayotaka kukusimulia, alianza na *Malkia wa Vumbi*, yule mwanamke anayeweza kugeuka mchanga na kupita popote.

"Hii nunueni," alisema, akifungua ukurasa wa katikati. "Angalieni. Amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Angeweza kuvunja mlango, si ana nguvu? Lakini anapita chini yake taratibu, na anapofika kwa kitanda cha mtoto anajikusanya polepole asimwamshe. Tazama vidole. Bado ni mchanga kidogo. Mchoraji huyu amewahi kurudi nyumbani akiwa amechoka."

Levis alikuwa ameshaanza kupapasa mfuko.

Kisha akashika *Mlinzi wa Daraja*. "Huyu amekufa tena."

"Aa, usiniambie!" Levis akajishika kichwa.

"Wacha kulia, atarudi kabla ya Pasaka. Mimi kifo chake hakinisumbui. Kinachonisumbua ni nguo. Hebu niambieni, hii nguo inamkaba hivi kutoka shingoni mpaka vidoleni, haina zipu, haina kifungo, haina hata mshono. Anaingilia wapi?"

"Labda alizaliwa nayo," Rispa akasema, na kibanda kikaangua kicheko.

"Na hili joho! Limelowa mvua kurasa nne na bado linapepea. Kitambaa kikilowa kinakuvuta chini, uwe shujaa usiwe. Kwa ajili ya hiyo vita ya darajani, mkopeshane nakala moja. Msinunue kila mtu yake."

Hapo ndipo Oliver akamsukuma mbele mwanamke kijana aliyekuwa amejibana mlangoni, vidole vimekaukiwa na rangi ya mafuta. Alikuwa Mellen Mirumbe. Kazi yake ni kupaka rangi vibanda na kuandika majina ya maduka kule Migori, lakini alikuwa amechora komiki yake mwenyewe na kuichapisha: *Mshika Radi*. Oliver alikuwa amemwambia wazi kwamba ikipita kwenye meza ya Joyline, itapata nafasi rafuni. Na nyumbani kwao Ogwedhi mama yake, Helen, anayeuza mbuzi na kondoo mnadani, alikuwa amemwambia wazi zaidi: hizo picha zisipopata wasomaji kufikia Krismasi, arudi washike biashara pamoja, kwa sababu miguu ya mama haiwezi tena kukimbizana na mbuzi.

Sote tulilijua hilo. Rispa akainama sikioni mwa Joyline, lakini Rispa hajui kunong'ona.

"Usimkaze huyu. Ni mtoto wetu."

"Kwa sababu ni wetu nitampima vilevile nilivyowapima wengine," Joyline akajibu. "Nikimwonea huruma kwenye vipimo, nguo itambana kwapani. Levis, zima feni."

Vitambaa vikalazwa, na hadithi ikaanza kutembea. Mwanamke wa kisiwa cha Takawiri anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Mawingu yanajikusanya. Wewe unayetoka pande hizi unajua radi zetu, haziulizi mtu. Inashuka, na yeye badala ya kukimbia anainua mikono, anaidaka. Ukurasa unaofuata ziwa limechafuka, mashua imejaa watu, na yule mwanamke amesimama ufukweni, mwanga unamtoka katikati ya vidole.

"Shika hiyo! Shika!" Levis alipiga kelele, akasahau vitambaa.

"Mungu wangu, na omena wangu hawajakauka!" Rispa akasema kwa sauti ya yule mwanamke, na sisi wote tukamsikia kana kwamba imetoka kwenye karatasi. Mtu mwingine akawa nahodha, mwingine akawa mzee anayesali kwenye mashua. Tulisoma hivyo mpaka mwisho, kila mtu akitia neno lake, na Mellen mwenyewe akicheka mpaka anafuta macho.

Kisha Joyline akaondoa vitambaa.

Pale ambapo Rispa alikuwa amelia kwa ajili ya omena, kiputo kilisema: *Sasa nimepata nguvu za radi na nitazitumia kuwasaidia watu walio katika hatari.* Ukurasa unaofuata: *Naona mashua iliyo katika hatari. Ni lazima niiokoe.* Na unaofuata. Na unaofuata.

Hakuna aliyecheka. Levis ndiye aliyesema, bila ubaya wowote, "Lakini si tunaona anaiokoa?"

Mellen aliangalia vidole vyake.

"Mellen, mwanangu," Joyline akasema, akivua miwani. "Mkono wako unajua kazi. Nimesoma komiki kwa miaka mingi na sijaona maji yaliyochorwa yakiwa na hasira hivi. Lakini maneno yako yanatushika mkono kama vipofu. Ulidhani hatutaelewa?"

"Niliogopa, mama."

"Najua. Inaonekana."

"Kwa hiyo niweke ama nisiweke?" Oliver akauliza.

Joyline akaifunga ile komiki. "Hii usiweke. Arekebishe, alete tena."

Rispa alisonya, akachukua leso yake akatoka bila kuaga. Mellen akakusanya nakala zake polepole. Halafu akafanya jambo ambalo hatukulitarajia: akaomba vile vipande vya vitambaa. Joyline akampa mfuko mzima.

Usifikiri kumkatalia lilikuwa jambo jepesi kwa Joyline. Wiki ile Joyline, ambaye hajawahi kukosea mshono, aligeuza mkono wa gauni la Rispa nje ndani. Rispa alipoliona alitaka kugomba, kisha akamtazama usoni, akalikunja akaondoka nalo vivyo hivyo. Na Ijumaa baada ya Ijumaa, komiki za Oliver zilipofika, Joyline alikuwa akiuliza kwanza, kabla hata ya kulifungua bunda, "Hakuna kitu kutoka Migori?"

Hakukuwa na kitu. Tukamaliza Novemba hivyo.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, Mellen akaingia kibandani, na nyuma yake mama mrefu mwenye fimbo ya mnadani. "Nimekuja kujionea," mama huyo akasema, wala hakukaa alipopewa kiti. Ndiye Helen.

Feni ikazimwa. Joyline akafungua *Mshika Radi* mpya, akashika vitambaa vyake, na kurasa zikawa zinapita bila yeye kupata pa kuvilaza. Mara kimoja, mara kingine. Alipofunua cha kwanza, tulisoma: *Mungu wangu, na omena wangu hawajakauka!* Rispa aliruka.

"Yawa! Hayo ni yangu! Nimeandikwa!"

"Na nahodha ni Levis," Mellen akasema kwa aibu.

Joyline hakuwa akitusikiliza tena. Alikuwa amefika picha ya mwisho. Dhoruba imepita, watu wa mashua wako salama, na Mshika Radi amerudi nyumbani kwao, nguo zinachuruzika, viganja vimeungua. Mama yake ameinama juu ya wavu, anageuza omena, hakuona lolote. Kiputo cha mama kinasema: *Ulikuwa wapi, wewe?* Na karibu na mdomo wa binti kuna kiputo kingine, kikubwa, cheupe, kitupu.

"Hapa mashine ya kuchapa imeruka," Oliver akasema.

"Haijaruka," Mellen akajibu.

Helen alijongea mezani, fimbo kwapani. Aliitazama picha ile muda mrefu, kisha akagusa kwa kidole mkono wa yule mama wa kwenye wavu.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Kovu la kamba. Umenichora bila kuniuliza."

"Ndiyo, mama."

"Hmm." Akanyoosha mgongo. "Na inayofuata inatoka lini? Nipange nani mwingine wa kunisaidia na mbuzi."

Oliver alikuwa ameshaanza kupunguza chaja rafuni ili kupata nafasi.

Tangu siku ile kila anayenunua anajaza kiputo chake mwenyewe. Levis ameandika, *Mafuta yaliisha njiani.* Rispa ameandika sentensi ndefu ya Dholuo iliyomwagika mpaka ukingoni mwa ukurasa, na hataki kuisoma kwa sauti. Joyline amefungua nakala yake juu ya cherehani, kalamu iko kando, na kiputo bado ni cheupe. Kila Jumapili tunamuuliza, na kila Jumapili anatujibu kwamba bado anapima.

Basi nikuulize wewe. Umetoka kuidaka radi kwa mikono yako, umeokoa watu mashua nzima, umerudi nyumbani umelowa, na mama yako bila kuinua kichwa anakuuliza ulikuwa wapi. Utamwambia nini?