Mwanamke wa Kijapani Alipotolewa Kwenye Gari

Asubuhi ile uani kwetu Mbagala tulikuwa watano. Mie mwenyewe. Mume wangu, ambaye wajukuu wanamwita babu na mie namwita mzee. Kitinda mimba wetu, mwenye gari. Mkewe, yaani mkwe wangu, binti wa watu wa Newala. Na wifi yangu, mdogo wake mzee, aliyekuja kutujulia hali na hakuwa na haraka ya kuondoka. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao pia, na hata waliowarithi majina hayo nawajua, lakini wenyewe wamesema nisiyaandike, basi nayaacha.

Mzee alikuwa na kidonda mguuni, cha sukari. Kilianza na kiatu kilichombana kwenye msiba wa jirani. Muuguzi alimwambia mwanangu bila kuzunguka: "Siku mliyopangiwa msiiruke. Mkiruka, kidole kitaondoka, na mguu utakifuata." Toka hapo mie usingizi nikausikia kwa watu. Bajaji tulijaribu, lakini barabara yetu ni mashimo matupu, mguu ukagonga chuma, mzee akalia kama mtoto. Ikabaki gari la mwanangu, akae mbele, kiti kirudishwe nyuma, mguu unyooke.

Na kichwa nacho kilikuwa kimeshaanza kusahau. Mtaa anausahau, watoto anawachanganya. Gari alilijua kwa kitu kimoja tu. Lilikuja kutoka Japani limeshatumika, na redio yake ilikuwa ileile ya huko. Ukizungusha ufunguo, mwanamke anasema maneno machache ya Kijapani, kwa adabu kabisa, kisha ananyamaza. Anasema nini, hakuna aliyejua. Mzee alimjibu kila mara, "Marahaba, mama," ndipo anaingia na kufunga mlango mwenyewe. Tukicheka anatugombeza, "Mtu kakusemesha, humjibu? Mmelelewa wapi nyie?"

Sasa redio za Japani hazifiki kwenye stesheni zetu nyingi, na hiyo ilikuwa inashika mbili tu, zote za mahubiri. Mzee anapenda taarabu na matangazo ya vifo. Mwanangu akaona amfurahishe baba yake. Akalipeleka gari kwa fundi Tandika, akarudi nalo limewekwa redio mpya ya kioo, pana kama kibao cha chapati. Nilimsifu. Hata mie sikuwaza lolote.

Siku ya kidonda ikafika. Mkwe wangu alimshika mzee kiwiko, mwanangu akawasha gari. Kioo kikawaka rangi zote, na muziki wa singeli ukalipuka, maana fundi alijaribu spika akaacha sauti juu. Mzee akarudi nyuma, fimbo hewani.

"Gari la nani hili?"

"Letu, baba," mwanangu akajibu, huku anatafuta kitufe cha kuzima sauti.

"Yule mama yuko wapi?"

"Nimeweka redio mpya, baba. Utasikia taarabu yako."

"Mmechukua gari la watu nyie. Mwenyewe akija anikute mie ndo nimekaa mbele? Mzee mzima niitwe mwizi?"

Wifi akadakia, "Ingia bwana kaka! Mwizi gani wa mguu mmoja? Utakimbilia wapi?"

Utani wa wifi kwa mzee huwa haupiti bila kicheko. Siku ile hakucheka.

Mwanangu akampigia fundi airudishe ile ya zamani. Tulimsikia sote: "Braza, ile imeshatoka. Iko kwenye gari la mtu Bunju huko." Chumba cha vidonda kinapokea watu asubuhi tu, na jua lilikuwa limeshapita juu ya bati la jirani. Bendeji ilikuwa imelowa, nzi wameanza kuzunguka. Mwanangu akataka ambebe kwa nguvu. Mkewe akamzuia, "Atarusha mguu, ugonge mlango, tutafanya nini?" Mzee kajishikiza kwenye nguzo ya baraza, anatutazama kama tumekuja kumwibia yeye.

Mie nilikuwa nimesimama na mfuko wa kadi za hospitali. Nikaingia kiti cha nyuma, nikainama wasinione. Nikamwambia mwanangu, "Zima. Washa tena, na hicho kioo kisilie." Akawasha. Nikabana pua, nikasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, ila mwendo wa sauti ya yule mama niliujua, unapanda kidogo halafu unashuka polepole.

Nje namsikia wifi anajizuia, khanga kaijaza mdomoni.

"Marahaba, mama," mzee akasema. Kisha, "Leo umeamka na mafua."

Akaachia nguzo. Mkwe wangu akamwinulia mguu taratibu, mzee akaingia, akafunga mlango mwenyewe.

Tulipopita sokoni akakiinamia kile kioo, akakiuliza kwa sauti ya chini, "Na mama watoto umemwacha wapi? Yeye ndo anajua dawa zangu."

Ningebana pua tena, nijijibu mwenyewe? Nikamshika bega kwa nyuma. "Nipo huku, mzee."

Akaugusa mkono wangu, akaupapasa mpaka kwenye pete. "Haya. Kaa vizuri, barabara mbaya hii."

Muuguzi alikuwa ameshavua glavu. Alipomwona mzee akavaa nyingine, akafungua bendeji, akainama. Mie nilikuwa natazama kisogo chake tu. Akasema, "Kidole kipo. Lakini mmecheza na moto, bibi." Nikamshukuru mpaka akanitaka ninyamaze apate kufanya kazi.

Mpaka leo tukienda natangulia kuingia nyuma, nabana pua, namsemesha kama yule mama. Siku nikiugua mie sijui nani atamsemesha, na hilo nalifikiria kuliko kidonda chenyewe.

Wifi anashikilia kwamba mwanangu alilia pale uani. Mie nasema lilikuwa jasho. Mkwe wangu naye anasema mzee aliitika mara mbili, mie nilisikia mara moja. Jirani uliyekuwa juu ya ukuta siku ile, nilikuona. Kama nimekosea popote, njoo uniambie, chai ipo.