Kiyoyozi cha Bi Harusi wa Kinyerezi

Pwa, pwa, pwa. Hadi leo nikifumba macho nausikia ule mlio: chumba kizima cha wanawake wakijipepea kwa kadi za mwaliko, kila mmoja kwa mwendo wake, na hakuna anayeongea. Ukiingia nyumba ya harusi huku kwetu ukakuta wanawake wamekaa kimya, ujue kuna jambo.

Tulikuwa tumeitwa kwa dharura. Mie na fundi wangu tulikuwa kibandani Gongo la Mboto tunaosha vichujio vya viyoyozi vya watu, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, karibu na kilio: "Njooni Kinyerezi sasa hivi, AC imekufa na hina haijakauka!"

Fundi wangu ni mtu wa bara, mwimbaji wa kwaya. Tukiwa ndani ya bajaji, ngazi imetokeza nje kama mkia, akaniuliza, "Hivi, hina na AC vinahusiana nini?"

Nikamweleza nilivyoambiwa simuni. Mchoraji wa hina alikwama kwenye harusi nyingine jana yake, kwa hiyo bi harusi amechorwa leo asubuhi, mikono na miguu. Hina inataka itulie ikauke ndipo ishike rangi. Kwa joto lile la Dar, mtu akianza kutoka jasho hina inachuruzika, maua yanageuka madoa. Na ndoa inafungwa alasiri hiyohiyo.

"Mkono huo ndio utakaovishwa pete, fundi. Ndio utakaoangaliwa na mawifi wote."

Fundi akamgusa dereva begani. "Kaka, ongeza mwendo."

Getini tulipokewa na somo wa bi harusi, yule mama anayemfunda mwali na kumlinda hadi akabidhiwe kwa mumewe. Alikuwa amejifunga kanga mbili, na amesimama kama geti la pili.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe baba, mwisho wako hapo."

"Mama, mimi ndiye fundi."

"Hata ungekuwa daktari. Humu kuna mwali, na wanawake wamepunguza nguo kwa joto. Mwanaume hapiti."

"Sasa AC nitaitengenezaje nikiwa barabarani?"

Somo akanitazama kuanzia kilemba hadi buti. "Na huyu?"

"Huyu bado anajifunza, mama."

"Basi leo atahitimu."

Niseme ukweli, moyo uliruka. Mie shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe tusiyaongelee. Lakini ndoto ninazo. Huwa najiona naendesha kipikapu changu cha rangi ya bahari, ngazi juu, watu wanasema yule dada wa viyoyozi huyo anapita. Siku zote fundi alikuwa ananiachia vichujio, ngazi na kumulika tochi. Mashine ya nje, kule kwenye umeme mkubwa, alikuwa anaifungua mwenyewe tu. "Polepole, binti," ndiyo iliyokuwa sala yake.

Sasa akanivisha mkoba wa vifaa begani. "Utanipigia simu ya video, nikuelekeze."

"Simu yenye kamera nayo inabaki hapa," somo akasema, akanyoosha kiganja.

Basi fundi akazunguka kusimama nyuma ya ukuta wa uani, tuwe tunapigiana kelele. Mie nikaingia.

Bi harusi alikuwa amekaa juu ya mkeka mpya, mikono ameitanua kama nguo iliyoanikwa. Mchoraji amepiga magoti anampuliza miguu kwa mdomo. Mdogo wake bi harusi anamfuta uso kwa ncha ya kanga, jasho na machozi pamoja, maana mwenyewe hawezi kujigusa. Mwali mwenyewe alikuwa msichana wa rika langu. Akanionyesha kwa macho ua moja kwenye kifundo cha mkono.

"Dada fundi, nifanyie haraka. Maua yameanza kutembea."

Huruma ilinishika, nikaona niuelekeze huo uchungu kwenye bisibisi. Nikapanda ngazi. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza, ila pumzi yake ya moto kama ya mtu mwenye homa. Kichujio kimejaa moshi wa udi, cheusi ti. Nikakiosha bafuni, nikakirudisha. Bado moto.

"Fundiii! Kichujio nimesafisha, bado!"

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Angalia mashine ya nje! Feni yake inazunguka?"

"Anauliza feni inazunguka?" wanawake wakanirudishia wote, kana kwamba mie sina masikio.

Nikatoka uani. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Kulikuwa na jukwaa dogo la kupigia picha, kiti cha dhahabu, vitambaa vyeupe na maua ya plastiki hadi juu. Mashine hakuna.

"Fundi! Mashine ya nje haipo!"

"Haipo vipi? Imeibiwa?"

"Tumeibiwa!" mmoja akapokea dirishani, na nyumba nzima ikalipuka. Bibi mmoja akaanza kukagua viatu vyake mlangoni.

Nikaona nifanye kitu kimoja cha akili: nifuate bomba. Bomba la kiyoyozi haliendi matembezi, likitoka ukutani lazima liishie kwenye mashine yake. Nikalifuata kwa kidole, likateremka, likakunja kona, likaingia katikati ya maua, nyuma ya kile kiti cha dhahabu. Nikapenyeza mkono. Nikautoa haraka. Bati lilikuwa la moto kama ubavu wa sufuria ya pilau.

Kumbe mpambaji, asubuhi ile, aliona boksi lenye kutu litaharibu picha. Akalifunga vitambaa, akaweka turubai nyuma yake ili maua yashike, akaondoka zake. Mashine inayotakiwa kutoa joto nje ilikuwa inalimeza joto lake yenyewe.

"Mama, hii mmeiziba pumzi. Lazima tuyavue haya mapambo."

Somo akashika kiuno. "Hapo ndipo mwali atakapopigwa picha! Hujui yametugharimu kiasi gani!"

Mtu mzima hubishani naye. Aliyejibu ni bi harusi mwenyewe, dirishani, sauti ndogo: "Somo, picha zitakuwa za nini kama mikono yangu ni madoa?"

Somo akaitoa mikono kiunoni. Halafu yeye mwenyewe akachomoa pini ya kwanza. Wanawake wakatoka na mikono yao yote, na muda si mrefu mashine ikabaki uchi. Nikaizima, tukaiacha ipoe, nikawasha tena.

Mmmmm. Inaunguruma, lakini feni imetulia tuli. Nilisikia wanawake wote wakishusha pumzi kwa pamoja.

"Nimeisikia!" fundi akapiga kelele ukutani. "Hiyo ni kapasita! Imeungua kwa joto. Feni haina cha kuisukuma iondoke. Zima swichi kubwa. Narusha nyingine!"

Ikaja angani ndani ya mfuko wa plastiki. Somo akatandaza kanga yake na kuidaka kama kipa. Vigelegele hapohapo, kabla ya kazi.

Nikazima swichi kubwa, nikafungua bati. Kapasita ya zamani imevimba kama andazi. Nikairudisha mikono nyuma, kwa sababu fundi alishaniambia tabia yake: umeme unaweza kuzimwa na yenyewe bado ikawa imeutunza ndani kama kinyongo. Yeye mwenyewe iliwahi kumrusha.

"Binti," akaita. Sauti ilikuwa imeshuka, imetulia, ile ya kwaya. "Bisibisi yenye mpini wa mpira. Gusisha vichwa vyake. Usibane pumzi, pumua."

Ta! Cheche ndogo. Wanawake waliruka, mmoja akaita mama yake. Mie sikuruka.

Kisha tukaanza kuhamishia waya kwenye kapasita mpya, mmoja mmoja. Mie naimba rangi na mahali ulipokaa, yeye anajibu nyuma ya ukuta, "Ndiyo, mwanangu," na wanawake wakaanza kuitikia naye. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo, mwanangu. Nikafunga bati. Nikawasha.

Feni ikatikisika kama mtu anayeamshwa. Ikasogea. Ikasita. Halafu ikashika mwendo, na ua moja la plastiki lililosahaulika pale chini likaruka hadi kwenye kamba ya nguo.

Tukasubiri. Sote tunaangalia dirisha.

"Inakuja," bi harusi akasema. "Jamani, inakuja. Inakujaaa!"

Vigelegele vile sijawahi kupigiwa maishani mwangu. Somo alinibeba, kweli, buti zangu zilining'inia. Nyuma ya ukuta fundi alikuwa anapiga makofi peke yake barabarani, na mpita njia mmoja tukamsikia anamuuliza kama yuko salama.

Yale maua yaliyokuwa yameanza kutembea yalitulia palepale. Moja tu lilikuwa limechuruzika, mchoraji akaliongezea kikonyo, likawa jani. Bi harusi akaligeuza huku na huku akasema ndilo analolipenda zaidi. Mapambo tuliyafunga upya upande wa pili wa uani, mbali na mashine.

Wakati naaga, mchoraji akanikamata. "Lete mkono." Nikamwambia una grisi. Akaufuta kwa kanga yake, akanichora ua moja kwenye kiganja cha kushoto. "Wa kulia wa kazi," akasema. Somo akanirudishia simu na kunitia kadi ya mwaliko mkononi, nirudi jioni kula pilau.

Getini fundi alinyoosha mkono kuchukua mkoba wa vifaa, kama kawaida yake. Nikaanza kuuvua. Akausukuma ukarudi begani kwangu, akainama, akabeba ngazi.

Njia nzima alikuwa anaimba sauti ya pili ya wimbo fulani.

Chumbani kwangu hakuna kiyoyozi, feni yenyewe ni ya kugombana nayo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkoba nimeuweka juu ya mto, kiganja cha kushoto nimekifungua mapajani. Kijasho kilishaanza. Nikachukua ile kadi ya harusi, nikaanza kuupepea mkono wangu mwenyewe, polepole, hadi ua lilipokauka.