Honi Chini ya Daraja

Honi ile Orpha Caudill hakuisahau. Mengine aliyasahau. Alisahau jina la mhubiri aliyemzika Hobart mumewe, akasahau alikoweka mkasi, siku hizi anasahau hata kama maharage ameshayatia chumvi. Honi, hapana. Ililia asubuhi ya mwezi wa Mei, ukungu umelala bondeni mzito kama maziwa, na yeye yuko katikati ya matuta yake, jembe mkononi.

Kwetu Larkspur, huku milimani Kentaki, mgeni hapigi honi. Mgeni anaacha gari ng'ambo ya kijito, anashuka, anasimama mbele ya daraja la mbao na kuita jina la mwenye nyumba. Anaita, anangoja. Mbwa wanabweka, mwenye nyumba anatoka kibarazani, anasema vuka. Ndivyo mtu anavyofika kwa mtu. Wenye kupiga honi ni askari anayekuja kumchukua mtoto wa mtu, au wa duka la mkopo wanaokuja kubeba friji, au wale wa mgodini wenye habari ambayo hakuna mwanamke anayetaka kuisikia. Honi ya namna hiyo huitikii. Unainamisha kichwa, unaendelea na lako mpaka iondoke.

Basi Orpha akaivuta kofia yake ya kitambaa mbele ya macho, akaendelea kupalilia. Gari hakuliona, ukungu ulilimeza zima. Honi ikalia tena, safari hii kama inatoka chini ya maji. Ikalia mara ya mwisho, fupi, ya mtu aliyechoka. Halafu matairi yakasaga kokoto, gari likaenda zake, na bonde likanyamaza kama halijawahi kuingiliwa na mtu.

Aliyekuwa ndani ya gari ni Lenora Marcum, mshauri wa wanafunzi wa sekondari ya mjini, mwanamke wa viatu vyembamba na sauti ya kutembelea wagonjwa. Alikuwa na habari njema. Chuo cha ng'ambo ya mlima kilikuwa kimeanza jambo jipya: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari aende akakae darasani na wanachuo, asome masomo ya chuo kabla hajamaliza shule, na masomo hayo yahesabiwe baadaye. Shule ilipewa viti viwili tu. Kimoja walimu walikuwa wamempa Rhoda, binti wa Orpha, mtoto aliyesoma hata maandishi ya gunia la unga wakati wenzake wanakula. Kilichobaki ni mzazi kukubali. Simu hazikuwa zimepanda bondeni bado, kwa hiyo Marcum alitumwa.

Aliporudi shuleni akasema familia ya Caudill haitaki. Kiti akapewa binti wa daktari wa meno.

Rhoda alizipata habari hizo, na ya honi pia, kutoka kwa huyo binti wa daktari wa meno, aliyemwambia asante kwa kumwachia kiti. Akarudi nyumbani na uso ambao Orpha hajauona tena tangu siku hiyo, na haombi kuuona. Akauliza swali moja tu, kwamba honi aliisikia? Orpha akamwambia aliisikia. Mtoto akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa njia na akaielewa, akaenda kulisha kuku.

Kesho yake Orpha alishuka mjini kwa miguu, akaingia shuleni na udongo wa shambani kwenye viatu, akamwuliza Marcum mbele ya watu kwa nini hakuita. Marcum akasema alipiga honi na hakutoka mtu.

"Honi hupigiwa ng'ombe akiwa barabarani," Orpha akamwambia. "Mimi nilikuwa kwangu."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho kwa miaka na miaka. Wakikutana dukani, Orpha anageukia makopo ya pichi na kuyatazama mpaka mwenzake alipe aondoke. Aliyatazama makopo ya pichi mengi sana maishani mwake, na pichi za kopo hazipendi.

Usingizini honi ilikuwa ikimrudia. Katika ndoto hiyo haikuwa na sauti. Gari jeupe lilikuwa limesimama chini ya daraja, taa zimewaka ndani ya ukungu kama mwezi uliozama, na Orpha yuko shambani akijaribu kuinuka, lakini maharage yamemzunguka miguu, yanapanda, yanachanua maua meupe mpaka kifuani. Anaona mlango wa gari unafunguka. Ndani hakuna dereva, kuna darasa: madawati, dirisha, na kiti kimoja kitupu kimepigwa na jua. Anataka kumwita Rhoda aje aketi haraka kabla jua halijahama. Hapo anaamka, na harufu ya maua ya maharage anakuwa nayo mpaka anywe kahawa.

Rhoda mwenyewe hakukaa kulia. Aliosha wazee kwenye nyumba ya wazee, akasoma kwa vipande, muhula huu akiwa na nauli, muhula ule hana. Akaenda jimbo la Ohayo kutafuta kazi, kama wanavyoenda wengi wetu, akamaliza chuo wenzake wakiwa na watoto wa shule, akaendelea mpaka shahada ya pili ya uandishi. Akawa mwalimu huko. Kila wiki anampigia mamake, wanaongea habari za mvua na magoti. Ya honi hawakuyataja kamwe. Lakini kila akija likizo, Rhoda alikuwa akisimama ng'ambo ya daraja na kuita, "Orpha Caudill, upo?" na Orpha alikuwa akisema, "Nani huyo, unauza nini?" na wote wawili wanacheka kidogo, si sana.

Sasa juzi, kiangazi hiki kilipokuwa kinakatika, jambo lile la chuo likarudi kwa sura nyingine. Chuo kilisema watoto wasihangaike tena na mlima. Darasa la chuo lifanyike hapo hapo katika sekondari yao, na aingie kila anayeweza, viti si viwili tena. Ila mwalimu awe na shahada ya pili ya somo lenyewe, uandishi. Wakatafuta wilaya nzima, wakapata mwenye shahada ya pili ya mpira. Wiki ikiisha bila mwalimu, darasa lingepewa wilaya ya jirani, na watoto walioliomba wangebaki wanapiga miayo kama mama zao walivyopiga.

Mkuu wa shule, kijana anaitwa Tackett, akampigia Rhoda. Rhoda akasema kazi anaitaka. Akasema pia kwamba kuna mtu wa kuulizwa kwanza.

"Mlitakiwa kumwuliza mama yangu kama anakubali niende darasa la chuo," alisema. "Hamkumwuliza. Mwulizeni sasa. Akikataa, usinipigie tena."

Tackett alidhani ni utani. Alipokwenda kumsimulia Marcum, ambaye alikuwa amestaafu zamani na anatembelea fimbo, yule bibi hakucheka. Tackett akasema atakwenda yeye. Marcum akamwambia gari lililokwenda siku ile lilikuwa lake, na jambo lililoharibika ni lake pia.

Orpha alikuwa kibarazani akitunga maharage mabichi, na maganda yake, kwenye uzi ili ayaanike, ukungu bado haujapanda, aliposikia gari likizimwa chini. Mlango ukafungwa. Mbwa akainua kichwa kuuliza. Halafu sauti nyembamba ya kizee ikatoka katika weupe ule.

"Orpha Caudill. Ni Lenora Marcum."

Hakuitika. Alitunga harage moja, akatunga jingine. Ilimjia kwamba labda amesinzia kitini na hii ni ile ndoto, akatazama miguu yake kama kuna kitu kinapanda. Hakukuwa na kitu, soksi tu. Sauti ikaita tena, ikangoja. Haikukasirika.

"Vuka," Orpha akasema. "Ubao wa katikati umeoza. Usije ukafia kwangu nikasemwa."

Marcum akatokea ukunguni vipande vipande, fimbo kwanza, halafu mkono, halafu uso. Orpha akamwonyesha kiti cha pale pale kibarazani. Ndani hakumkaribisha. Marcum akaanza kueleza habari za chuo, mwalimu, na wiki inayokwisha. Orpha akamkatiza kwamba hayo Rhoda ameshamwambia kwa simu.

"Siku ile uliwaambia nini shuleni?"

"Kwamba hamtaki."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza." Marcum aliiweka fimbo magotini. "Nilimwogopa mbwa, na viatu vilikuwa vipya. Lakini si hayo. Nilikuja nikiwa nimeshaamua kwamba watu wa huku hawatoki. Ulipokosa kutoka, sikushangaa, wala sikurudi. Nilimkosea mtoto wako, na wewe nikakukosea."

Orpha alifunga fundo mwisho wa uzi, akaukata kwa meno mawili yaliyobaki kazini.

"Sikusamehe," akasema.

"Hilo sikuja kuliomba. Nimekuja kuuliza. Orpha, unakubali Rhoda aende darasani?"

Ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye ngazi za kibaraza, na kwa muda ilikuwa kana kwamba nyumba imeng'oka inaelea, na wale wazee wawili ndani yake, hakuna mlima wala barabara. Orpha alilitafuta neno alilokuwa amemwekea huyu mwanamke miaka yote, neno la kumkata vizuri. Alikuwa nayo mengi, yamenolewa. Yote yakawa mbali. Kilichokuja ni swali.

"Hawa watoto wa mabondeni, wazazi wao nani amewauliza?"

Marcum akasema Tackett amewatumia barua. Wa mjini wamejibu. Wa mabondeni bado.

"Barua," Orpha akasema. "Kwa akina Fugate barua zinawashia jiko. Mlango mmoja umeupata leo, Bi Marcum. Iko mingine."

"Mguu wangu huu, Orpha."

"Fimbo si unayo? Haya, nyanyuka. Peke yako watadhani unauza Biblia."

Ndivyo walivyokwenda. Orpha alikataa kukaa mbele, akaketi kiti cha nyuma kama anayepelekwa na dereva, mkoba mapajani, na kila walipokaribia nyumba alisema hapa, simama, zima. Marcum anashuka, anaita. Asipoitikiwa, Orpha anatoa kichwa dirishani, anasema ni yeye, tokeni, hakuna aliyekufa. Siku ilipita kama inapita nyuma ya pazia. Nyumba zilitokea ukunguni zikiwa na watu wameshasimama milangoni, mwanamume ana grisi mpaka kwenye viwiko, bibi ana unga wa mahindi mikononi, na Marcum anauliza lile lile, unakubali mtoto wako asome darasa la chuo, hapo hapo shuleni? Baba mmoja alitaka kujua kama mtoto atafukuzwa akishindwa. Mama mmoja akaingia ndani akamtoa binti mwenyewe ajibu. Kwa akina Fugate walipewa mkate wa mahindi wa moto, wakaula garini, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Jua lilitokea walipokuwa wanashuka. Marcum alisimamisha gari mbele ya daraja, akazima, akangoja. Hakugeuka nyuma.

"Nakubali," Orpha akasema. "Mwambie huyo kijana. Mimi nitamwambia mwanangu." Akashuka, akavuka daraja lake.

Orpha akampigia Rhoda, akamwambia. Rhoda akauliza kama Marcum aliita au alipiga honi.

"Aliita. Mara mbili."

"Ukaitika ya kwanza?"

"Wewe unanijua."

Rhoda akacheka, na mara hii akacheka sana, mpaka ikabidi apenge. Akauliza kile chumba chake cha juu kama bado kinavuja. Orpha akamwambia kinavuja, tena kimezidi. Rhoda akasema basi Jumamosi anakuja, na ndoo atanunua njiani.