Mbao Sita za Mninga za Mama Célestine

Saa moja na nusu asubuhi. Baridi ya Julai imeikaza mitaa ya Bertrams, mjini Johannesburg, na Évariste Mwilambwe amepiga magoti mbele ya meza yake ya kazi. Anavuta mbao sita kutoka mvunguni, moja baada ya nyingine. Anazifuta vumbi kwa kiganja, anazigonga kwa kifundo cha kidole, kisha anatega sikio.

Mbao zinajibu kwa mlio mkavu, usio na kigugumizi. Zimekauka, na hilo ndilo linalomhuzunisha.

"Kama zingekuwa mbichi ningekuwa na sababu ya kukataa," anasema, akijishika kiuno ili asimame. "Sasa sababu sina. Ziko tayari, vraiment, kweli kabisa."

Saa nne atakuja Ameir, Mzanzibari anayefungua mkahawa kaskazini mwa jiji la Johannesburg, kuchukua jibu. Anataka meza ya watu kumi, na anaitaka baada ya wiki sita. Katika karakana nzima, mbao kavu zinazotosha meza hiyo ni hizi sita tu. Na hizi sita zina mwenyewe. Ni za Célestine, mke wa fundi, aliyeahidiwa meza ya kulia chakula tangu mwaka 2009 na ambaye hadi leo hula akiwa ameketi kitandani, sahani mapajani.

Mara tatu Évariste ameweka mbao kwa ajili ya meza hiyo, na mara tatu amezitoa kwa mteja aliyekuwa na haraka. Akisema ndiyo leo, itakuwa mara ya nne.

Fundi huyu ana umri wa miaka hamsini na saba. Alizaliwa Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na huko ndiko alikojifunza useremala katika karakana ya misheni. Mwalimu wake alikuwa Mmarekani aliyeitwa Eli, mtu aliyelelewa miongoni mwa Waamishi: Wakristo wa mashambani wanaosafiri kwa magari ya farasi, wanaokataa kuvuta umeme wa gridi hadi majumbani mwao, na ambao samani zao za mkono hurithiwa na wajukuu. Eli aliiacha jamii yake, msumeno hakuuacha.

"Hakutupiga, hakutufokea," anakumbuka Évariste. "Ukipigilia msumari, aliung'oa kimya, akakuwekea mkononi, akaenda zake. Kutwa nzima unatembea na msumari wako mfukoni. Aibu yake, eish!"

Sheria za Eli zilikuwa chache, na hazikuwa na msamaha. Msumari hauingii. Ubao mmoja huchongwa ulimi, wa pili hutobolewa tundu, na viwili hivyo hukutanishwa hadi vikabane vyenyewe. Ubao mbichi haujengewi kitu. Hupumzishwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake, na hupumzishwa katika mji ule ule utakamotumika, ili uzoee hewa ya hapo.

Sheria hiyo ya mwisho Évariste aliwahi kuidharau, na malipo yake aliyaona. Mwaka 2005, akiwa mgeni Johannesburg, alimtengenezea mteja wake wa kwanza meza ya mkaratusi. Uso wa meza aliubana pande zote, kama walivyofanya Kalemie, ambako unyevu wa ziwa haukomi. Hakujua kwamba kipupwe cha huku hunyonya maji hata kwenye midomo ya watu. Mwezi wa nane, familia ikiwa mezani, ubao ulipasuka katikati kwa mlio uliowafanya watoto wajitupe chini wakidhani ni risasi.

Aliirudisha meza ile kwa mkokoteni na kuunda nyingine bila malipo. Tangu siku hiyo kila uso wa meza anauachia nafasi ya kupumua, na kila mteja anamwambia neno moja: kitu hiki ni chako, lakini dhamana yake ni yangu mpaka nife.

Neno hilo limemchosha. Wikendi zake nyingi huishia katika nyumba za watu, akikaza, akisugua, akipaka mafuta ya kitani. Pembeni mwa karakana kipo kiti alichokiunda mwaka 2008, kimeletwa kupakwa mafuta. Watoto wawili wamekulia juu yake na sasa wamemaliza shule. Évariste anakipindua, anajaribu kupenyeza wembe kwenye maungio, na wembe hauingii. Hatabasamu. Anakirudisha chini kama mtu anayetua mzigo.

Kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba, na magoti humlalamikia kila anapoinama. Meza moja humchukua wiki sita. Mwezi ukiwa mwema, akishalipa kodi ya karakana randi elfu nne na mia tano, hubakiwa na kiasi kama hicho cha kulisha nyumba. Juni iliyopita hakuuza hata stuli. Ameir amesema atalipa elfu thelathini na mbili.

Mlango wa pili ni duka la Burhani, mtu wa Tanga mwenye maneno mengi, anayeuza samani za kiwandani zilizoundwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Anaingia na kikombe cha chai, anaziona mbao zilizolazwa sambamba juu ya meza.

"Shikamoo, mzee wangu. Mbona umewalaza hivyo? Wanasubiri sanda?"

"Marahaba. Nenda kauze uji wako, Burhani. Samani zako zikimwagikiwa maji zinakuwa uji."

"Uji wangu unanunuliwa. Mninga wako unasifiwa," anajibu Burhani, kisha anashusha sauti. "Mpe Ameir mbao, mzee. Mama atanuna siku mbili, atasahau. Mganga hajigangi."

"Ameshanuna miaka kumi na sita," anasema Évariste. "Tatizo hanuni kwa kelele."

Alfajiri, kabla hajatoka katika chumba wanachopanga La Rochelle, kusini mwa jiji, alikuwa amemweleza mkewe habari za Ameir. Célestine, ambaye husuka nywele katika saluni jirani na nyumbani, aliendelea kukunja blanketi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Évariste alipanda teksi akiwa na hakika kwamba ukimya ule ni ruhusa, na kwamba ruhusa ya namna ile ni nzito kuliko tusi.

Saa tatu na nusu mlango unasukumwa. Ni Célestine mwenyewe, na kilemba chake cha kazini. Amepanda teksi mbili, kupitia katikati ya jiji, jambo ambalo halijapata kutokea siku ya kazi.

"Mama! Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa." Anafungua mkoba na kutoa uzi mweusi wa kusukia nywele, uliofungwa fundo kila ncha. "Nimepima. Kutoka kitandani mpaka kabati. Nimeacha nafasi ya kupita mtu mmoja, tena mwembamba, kwa hiyo wewe utapita ubavu."

Burhani anacheka, anapoona hakuna mwingine anayecheka, anarudi kwenye chai yake.

Célestine anautandaza uzi juu ya ubao wa kwanza na kuuvuta hadi unyooke. Fundo la pili linaishia mbali sana na ncha ya ubao. "Kata hapa," anasema.

"Célestine, nikikata hapa, meza ya watu kumi haitoki tena humo."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Na kodi ya Agosti?"

"Kodi tumelipa miaka ishirini, Papa Évariste. Tulipokuwa nayo tulilipa, tulipokosa tulihangaika tukalipa. Mara tatu uliweka mbao ukaziita zangu. Mara tatu nikasikia zimeolewa kwa watu." Sauti yake haipandi. "Wewe kila nyumba ya mji huu umeiwekea dhamana mpaka ufe. Mimi unaniachia nini, maranda?"

Évariste anatazama mlango, anatazama saa ya ukutani. Mtu aliyezoea kupima mara tatu kabla ya kukata mara moja hapima hata mara moja. Anachukua penseli sikioni, anapiga mstari penye fundo, anashika msumeno.

Kazi hiyo inachukua karibu nusu saa. Ubao baada ya ubao, vipande vinaanguka sakafuni, na kifundo cha mkono kinamlazimisha kupumzika kila baada ya mbili. Célestine anashikilia upande wa pili, macho yakiwa kwenye meno ya msumeno. Katika ubao wa sita mkewe anaweka kiganja chake juu ya mkono wa fundi ulioshika msumeno, na wanaumaliza pamoja.

Ameir anafika saa nne kamili, funguo za gari mkononi. Hahitaji kuambiwa.

"Fundi, umeniangusha," anasema, akiokota kipande na kukigeuzageuza. "Ungeniambia jana."

"Jana sikujua, bwana. Mbao ni za mke wangu. Nikupe mbao nyingine? Zitakuwa tayari mwakani, mwezi wa tatu."

"Mwakani mkahawa wangu utakuwa umeshafunguliwa au umeshafungwa." Anakiweka kipande mezani kwa adabu, anamwinamishia kichwa Célestine. "Samahani, mama. Sikujua ni zako."

Anaingia duka la Burhani, na Burhani anamfuata. Baada ya dakika ishirini Burhani anarudi, na safari hii haleti mzaha. Amemuuzia Ameir meza mbili za unga, ziunganishwe ziwe moja.

"Mzee, nikikutazama usoni naona haya."

"Usione. Mwambie asiilowanishe."

Célestine ameshaondoka, anao wateja wawili wanaomsubiri. Évariste anakusanya vipande vilivyokatika, anavipanga kwa urefu. Vitatosha stuli nne, na stuli nne, zikipata wanunuzi, ni nusu ya kodi ya Agosti. Nusu nyingine ameamua kuitafuta Jumamosi katika makanisa ya majengo ya zamani katikati ya jiji, ambako mabenchi hulegea na waumini huanguka. Amekubali pia kumkodisha Burhani upande wa mbele wa karakana, ajaze humo samani zake za unga. Kwa mtu wa msimamo wake, hilo si jambo dogo kulimeza.

Meza anatarajia kuimaliza mwisho wa Septemba, kabla ya mvua za kwanza. Ataiingiza chumbani vipandevipande, kwa kuwa mlango ni mwembamba, na kuiunganisha mle mle, bila msumari. Anaulizwa watakula nini siku hiyo ya kwanza.

"Célestine atapika bugali na samaki, najua. Atawaita majirani waje waone," anasema, akikaa juu ya gogo na kuufunga mkono wake kwa kitambaa. "Mimi nitakula. Halafu wakishaondoka, nitaweka viwiko juu yake, niweke kichwa, nilale hapo hapo. Miaka yote nawatengenezea watu mahali pa kuegemea. Nataka na mimi niegemee, hata kama ni saa moja."